Maua Yaliyotazama Nje

"Mama Recho, mbona kitambaa umekitundika kinyume?"

Dina, jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliuliza swali hilo siku ya tatu ya msiba, mwezi wa pili, pale Isansa. Moto wa waombolezaji ulikuwa umezimwa na majivu yamezolewa. Tabita alikuwa amesimama juu ya kigoda sebuleni, anabana kitambaa cheupe cha kudarizi juu ya picha ya ukoo. Maua ya zambarau yalilalia kioo. Nje yalibaki mafundo na mikia ya nyuzi.

"Ndivyo alivyonifundisha mama mkwe," Tabita alijibu bila kugeuka. "Aliyemo pichani akifa, picha inafunikwa. Maua yanamtazama marehemu, sisi tunabaki na mafundo. Siku ya kuanua matanga ndipo tunafunua."

"Haya. Kila nyumba na yake," Dina akasema, akamshikia kigoda asije akaanguka.

Sebule ilikuwa na watu. Zabron, mdogo wa marehemu Yonathani aliyekuwa mume wa Tabita, alikaa kwenye kochi na kofia magotini. Mkewe Restuta alisimama karibu. Brenda, mke wa Gwalugano mwana wa Tabita, alikuwa akimpa mkwewe pini moja moja. Tabita alishuka, akafuta machozi kwa pembe ya khanga, na tangu siku hiyo mpaka kuanua matanga hakuinua tena macho kwenye ukuta ule. Mwanamke ambaye alijua kuku wake kwa mlio na kahawa yake kwa harufu, ukuta mmoja wa nyumba yake mwenyewe ulimshinda kuutazama.

Matanga yalianuliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Ibada ilikwisha saa tano, watu wakala, na wana ukoo wakaingia ndani pamoja na mzee Ferdinand, mwenyekiti wa kitongoji. Kila mtu alijua kilichomleta. Tangu mazishi, Zabron alikuwa akisema shamba la kahawa la Yonathani halikuwa la Yonathani. Lilikuwa la baba yao, marehemu alipewa alime tu, na sasa lirudi kwenye ukoo. Na nyumba ya Tabita ilikuwa ndani ya shamba hilo.

"Maneno mengi ya nini?" Tabita alisema. "Picha ipo. Babu yao Samwel anamshikisha Yonathani jembe, maana yake anamkabidhi shamba. Vizazi vinne vimesimama hapo, na shemeji Zabron yumo. Mzee Ferdinand, funua mwenyewe."

Mzee Ferdinand aliinuka. Maua ya zambarau yalikuwa mbele ya uso wake. Akatoa pini, akashusha kitambaa.

Fremu ilikuwepo, kioo kilikuwepo. Nyuma ya kioo palikuwa na kipande cha boksi cha kahawia tu.

"Picha iko wapi?" Gwalugano akauliza.

"Tumwulize aliyekuwa humu peke yake juzi," Zabron alisema, tena kwa haraka, na vichwa vyote vikageuka kwenye kona alipokaa Sadoki.

Sadoki alikuwa mwanawe Zabron, kijana mkubwa asiye na mke, rafiki wa kila kilabu cha pombe kuanzia pale hadi Hasamba. Alhamisi alikuwa amepaka sebule chokaa kwa ajili ya shughuli hiyo.

"Mimi?" Sadoki alisimama. "Baba, mimi nikaifanyie nini picha? Nikainywe?"

Watu wengine walicheka. Restuta hakucheka; mwanawe alikuwa ametajwa na mumewe mwenyewe mbele za watu.

Mzee Ferdinand akainua mkono. "Jumamosi ijayo tunakaa tena hapa. Picha ikionekana na jembe limo, neno limekwisha. Isipoonekana, ukoo utaamua bila picha. Mama Recho, unasikia?"

"Nasikia, mzee."

Alisikia. Ukoo kuamua bila picha maana yake Zabron kuamua.

*

Usiku huo aliomba, na asubuhi hakukimbilia kumshtaki mtu. Aliwasha moto, akachemsha maji, akaiweka fremu mezani, uso chini.

Fremu hiyo aliichonga Yonathani kwa mkono. Nyuma, misumari midogo iliyoshika boksi ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake pamebandikwa gundi ya karatasi, ile pana ya kahawia ya kufungia makatoni. Vipande vinne. Tabita alipitisha kidole kwenye ncha. Hazikukatwa kwa kisu wala mkasi. Zilichanwa kwa meno, na katikati ya kila ncha palitokeza kiulimi kidogo, mahali ambapo jino halikufika.

Aliitazama hiyo ncha muda mrefu. Halafu akaigeuza fremu na kuisogeza mbali, kama mtu anayesogeza chungu cha moto.

Akachukua kitambaa akifue. Kabla hajakitia majini aliona matone ya chokaa, kama saba au nane, yamekauka juu ya maua. Akakigeuza. Upande wa mafundo ulikuwa safi.

Ndipo mkono wake ukasimama. Akakumbuka mzee Ferdinand amesimama pale, na zambarau mbele ya uso wake.

"Dina!" aliita kupitia uani. "Dina, hebu njoo!"

Dina alikuja na mikono ina unga. "Kuna nini tena?"

"Siku ya tatu ya msiba uliniuliza swali."

"Nilikuuliza mangapi? Mimi mdomo wangu haufungwi."

"La kitambaa."

"Aa. Kwamba umekigeuza." Dina alitazama kitambaa, akatazama uso wa mwenzake. "Na jana hakikuwa kimegeuzwa."

"Hakikuwa."

"Basi aliyeiba hakujua."

"Hakujua," Tabita alisema. "Alikishusha mbio mbio, akakirudisha kama mtu yeyote anavyotundika kitambaa. Wewe unajua. Shemeji Zabron anajua, alikuwa amekaa pale pale. Restuta, Brenda, Gwalugano, wote walikuwepo. Nani hakuwepo siku ya tatu?"

Dina alihesabu kimoyomoyo, midomo ikitembea. "Sadoki. Alikuwa Ndalambo, alikwenda kubeba mahindi ya watu. Alirudi wiki ya pili, tukamsema sana." Akataka kutaja mwingine, akafunga mdomo.

"Malizia."

"Nimemaliza, Mama Recho. Nina unga mikononi." Akaondoka kabla hajakaribishwa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi Tabita alimkuta Sadoki nyuma ya nyumba ya wazazi wake, akinoa panga bila kazi ya panga.

"Shikamoo, mama mkubwa. Umekuja kunifunga?"

"Marahaba. Ukuta wenye picha uliupaka wa ngapi?"

"Wa kwanza. Wewe mwenyewe ulikuwa mlangoni unachambua kahawa, ukawa unaniambia nisimwage kwenye kochi."

"Ulishusha picha?"

Sadoki alijikuna shingo. "Kusema kweli, nilipaka kuizunguka. Nilisema nani atatazama nyuma ya picha?"

"Na kitambaa?"

"Sikukigusa. Kilidondokewa kidogo. Mama mkubwa, uvivu si wizi."

"Safari hii uvivu wako umekuokoa," Tabita alisema. "Lakini usimwambie mtu. Hata baba yako."

"Baba?" Kijana alicheka bila furaha. "Baba ndiye aliyenitaja. Watu wanamwogopa mlevi, mimi namwogopa mzima."

Restuta alitoka jikoni na sufuria mkononi. Wanawake hao wawili walikuwa wameolewa kwa ndugu, wameteka maji njia moja kwa miaka, na sasa walitazamana kama watu wa kwenye kituo cha basi.

"Mama Sadoki, nikuulize. Mumeo ameingia nyumbani kwangu lini, kati ya siku ya tatu ya msiba na juzi?"

"Hajaingia. Tangu mgombane kwa ajili ya shamba aliapa hatakanyaga mpaka siku ya matanga. Si unajua kiapo chake? Kama tambi ya koroboi, haizimiki mpaka iishe." Restuta akashusha sauti. "Lakini simu haikanyagi mlango, dada. Wiki ile ya matanga alikuwa akienda kuongelea kwenye migomba. Mtu wa miaka sitini, anajificha kwenye migomba kama kijana wa kuchumbia."

"Na nani?"

"Nikimwuliza anasema mtandao wa ndani mbovu."

Tabita alirudi nyumbani polepole. Mwizi mmoja alikuwa amegawanyika wawili: mwenye kufaidi na mwenye mkono. Mwenye kufaidi alikwisha kumjua. Mwenye mkono alikuwa amemjua tangu Jumapili asubuhi, aliposhika ile gundi, ila moyo ulikuwa unamwomba aendelee kutafuta.

*

Jumatano alikwenda Tunduma.

Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Duka la Recho lilikuwa kwenye mtaa wa wachuuzi karibu na mpaka, limejaa vyombo vya plastiki na mablanketi. Mwanawe huyo wa kwanza, mama wa Lusungu, alikuwa anamfungia mteja katoni. Alivuta gundi ya kahawia kutoka kwenye mviringo wake ikalia krrr, akaitia mdomoni, akaikata.

"Natotela, mama," mteja wa upande wa Zambia alishukuru, akaondoka na katoni lake.

"Mama! Umekuja bila hata kunipigia?" Recho alitabasamu. Mwanya wake wa mbele, ambao baba yake aliupenda, ulionekana wote.

"Nimekuja kununua pini."

"Pini, kutoka Isansa mpaka Tunduma?"

"Za kwetu zimepotea pamoja na picha."

Recho aliinama kuokota kitu ambacho Tabita hakukiona. "Sadoki huyo, mama. Mnamlea lea. Ameiuza."

"Nani anunue picha ya watu waliokufa?"

"Watu wa mjini wananunua vitu vya zamani siku hizi. Hujui tu."

"Labda sijui." Tabita alikaa kwenye kigoda. "Ile Jumatano kabla ya matanga ulipobaki kunilindia nyumba, mimi nimekwenda kwenye maombi ya akina mama, hakuja mtu?"

"Hakuja. Nilifagia, nikapika, nikalala kidogo. Kwani unanihoji?"

"Namhoji kila mtu. Hata Dina nimemhoji."

"Dina ndiye wa kuhoji! Anaingia kwako kama kwake."

Tabita alikuwa anaangalia mikono ya mwanawe, ambayo haikutulia. Ilipanga bakuli zilizokuwa zimepangwa. Alitamani mtoto aseme mwenyewe, hapo dukani, wawili tu, mbele za Mungu. Alimsubiri mpaka chai aliyopewa ikapoa. Recho akaongea habari za kodi ya fremu ya duka, habari za Lusungu, habari za mvua. Hilo moja hakulisema.

"Jumamosi uje," mama alisema akisimama. "Nawaomba wote mje."

"Nitakuja, mama. Nisije kwa nini?"

*

Jumamosi, saa nne, sebule ilijaa tena. Mzee Ferdinand alifungua kwa sala fupi. Zabron alikaa kwenye kochi lile lile, kofia magotini.

"Mama Recho, picha imeonekana?"

"Bado, mzee. Naomba kwanza mnisaidie kitu kidogo." Tabita aliweka fremu tupu kwenye msumari wake na kitambaa kilichokunjwa juu ya kigoda. "Nataka kila mmoja anifunikie fremu hii kama inavyofunikwa nyumbani kwetu. Tuanze na mama Sadoki."

"Tumekuja kwenye kikao au shule ya chekechea?" Zabron aliuliza.

"Vumilia, shemeji. Shamba halikimbii."

Restuta alichukua kitambaa, akakigeuza bila kufikiri, akakibana. Mafundo nje. Brenda alifuata, akakipinda upande, lakini mafundo nje. Dina akafanya hivyo hivyo akiguna. Gwalugano naye. Zabron aliposukumwa na macho ya watu aliinuka, akakibana kwa pini moja kwa hasira. Mafundo nje.

"Sadoki," Tabita aliita.

Kijana alikitazama kitambaa, akakinyoosha, akakitundika. Maua ya zambarau yakatazama chumba.

Kelele zikalipuka. "Ndiye!" "Si tulisema?" Sadoki akabaki amesimama na pini mdomoni, hajui amefanya kosa gani.

"Tulieni," Tabita alisema. "Jumamosi iliyopita mzee Ferdinand alikuta maua yametazama nje. Aliyeiba hakujua desturi yetu, maana hakuwepo siku ya tatu. Sadoki hakuwepo. Ni kweli. Lakini njooni muone." Akainua pembe ya kitambaa. "Sikukifua. Matone ya chokaa yako juu ya maua. Nyuma hakuna hata moja. Siku Sadoki anapaka, maua yalikuwa yameshatazama nje, na ukuta huu aliupaka wa kwanza, mimi nikiwa hapo mlangoni nachambua kahawa. Mwizi alimtangulia."

Mzee Ferdinand alisogea, akavaa miwani, akagusa tone moja kwa ukucha. "Kweli kabisa," akasema.

"Amebaki mmoja. Recho, mwanangu."

"Mama, mimi nimechoka na safari."

"Ni pini mbili tu."

Recho alisimama. Alikuwa ameona watano wakikitundika mafundo nje, alimwona na Sadoki akizomewa. Mtu mwerevu angewaiga wale watano wa kwanza. Alikichukua kitambaa akakigeuza mafundo nje, akachukua pini.

"Hivyo," Tabita alisema taratibu. "Nani alikufundisha?"

"Si... si ndivyo tunavyofunika siku zote, mama?"

"Bibi yako alipokufa ulikuwa umelazwa, umejifungua Lusungu. Babu alipokufa ulikuwa shule. Baba yako tulimzika Ijumaa, Jumamosi alfajiri ukaondoka, ukasema mzigo wako umekwama mpakani. Kitambaa kilitundikwa Jumapili. Umejifunza leo hii, mwanangu, kwa kutazama wenzako."

Tabita aliitoa fremu msumarini, akaigeuza, akaishusha mezani mbele ya mzee Ferdinand.

"Gundi hii ni ya kufungia makatoni. Imekatwa kwa meno, na kila ncha ina kiulimi katikati. Mzee, sitaki kusema zaidi. Ni mimi niliyemzaa na mwanya wake."

Gwalugano alifumba macho. Zabron alikuwa anaizungusha kofia yake, anaizungusha.

"Aliniambia niichome," Recho alisema ghafla.

"Nani?" mzee Ferdinand aliuliza.

"Baba mdogo. Alisema shamba likirudi kwenye ukoo, atanikatia kiwanja kule chini barabarani, nijenge stoo yangu niache kulipa kodi za watu. Alinipigia kila siku." Machozi yalimtoka lakini sauti haikuvunjika. "Nanyi msinitazame hivyo! Baba alisema shamba ni la Gwalugano. Mara ngapi? Mimi ndiye wa kwanza, mimi nilichuma kahawa hiyo kabla Gwalugano hajaota meno, lakini jembe hashikishwi mtoto wa kike. Ningepata nini hapa? Kitambaa?"

"Mwongo huyu," Zabron alisema. "Anamsingizia mtu mzima."

"Kwenye migomba ulikuwa unaongea na nani, baba Sadoki?" Restuta aliuliza. Hakupandisha sauti. "Mtandao sasa umekuwa mzuri, tunakusikia."

Recho alifungua mkoba wake, akatoa Biblia ya sekondari iliyochakaa, na ndani yake akatoa picha. "Nilishika kiberiti. Nikashindwa."

Mzee Ferdinand aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Babu Samwel ameketi kwenye kiti cha kukunja, koti limefungwa hadi juu. Yonathani kijana amepiga goti mbele yake, na mikono yao minne iko kwenye mpini mmoja wa jembe. Nyuma yao wamesimama baba wa Yonathani na wana ukoo, na nyuma ya wana ukoo, kahawa. Kushoto, Tabita mwenye kiuno chembamba. Kulia kabisa kijana mrefu ameshika kibuyu cha kumwagia maji kwenye jembe, anacheka meno yote nje. Na chini, bibi kizee amempakata mtoto mchanga. Wote wanaitazama kamera isipokuwa huyo mtoto, aliyekuwa anageuza shingo kulitazama jembe.

"Mwenye kibuyu ni nani, Zabron?"

Zabron alitazama muda mrefu. "Ni mimi," akasema.

"Na kibuyu ni cha nini?"

"Cha shahidi."

"Basi neno limekwisha," mzee Ferdinand alisema. "Shamba ni la nyumba hii."

Brenda alitaka kupiga vigelegele, Dina akamfinya. Tabita aliipokea picha. Akang'oa gundi, kipande kimoja kimoja, akairudisha picha ndani ya fremu, akaitundika. Kwa mara ya kwanza tangu Februari aliitazama picha ile ukutani. Alimtazama Yonathani, akamtazama bibi kizee na mzigo wake mdogo, Recho.

Kisha akachukua kitambaa, akakigeuza, akaifunika picha. Mafundo nje.

"Shemeji," Zabron alisema kwa sauti ndogo, "si tumeanua matanga? Amekufa nani tena?"

Tabita alimgeukia mwanawe.

"Ulilosema la jembe ni la kweli, Recho. Kilio hicho ni cha haki, na ningesimama nawe mbele ya hawa wote. Ila hukuja kwangu. Ulikwenda kwa aliyetaka kunitoa nyumbani." Akainyoosha pembe ya kitambaa. "Mimi nimekusamehe, maana nami nasamehewa. Lakini msiba wa baba yako wewe hukuukalia. Siku utakapokuja kuukaa, mpaka mwisho wake, utakigeuza kitambaa hiki mwenyewe. Mwingine asikiguse."

Recho aliyatazama yale mafundo na mikia ya nyuzi. Alifungua mdomo, mwanya ukaonekana, akaufunga. Akaiacha Biblia pale mezani, akachukua mkoba wake, akapita katikati ya ndugu zake waliompisha njia, akatoka nje.